Koo Jipya la Dohani

Nyumba yetu iko juu ya Myamba, upande ambao jua huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unaingia sebuleni kama mwenye nyumba. Wageni wanaotoka Bendera au Same mjini hutuuliza kama ni kweli hapa pia ni Tanzania. Ni kweli. Chukua blanketi ukae.

Nyumba ilijengwa na baba mkwe wangu, kwa mawe. Alikuwa mwashi. Ujanani aliwajengea wazungu wa misheni, akaona kwamba wao sebuleni wana mahali pa kuota moto na dohani ya kutolea moshi, naye akaapa kwamba nyumba yake haitakosa. Akajenga. Mawe aliyajua sana, lakini moshi hakuujua. Dohani yake ni pana, mbuzi anaweza kugeuka ndani. Moshi ulikuwa ukipanda hatua chache, unapoa, unachoka, unarudi chini kutusalimia. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu tumekuwa tukichagua, tukae na baridi au tukae na machozi. Wanangu walikua wakidhani kuota moto na kulia ni kitu kimoja.

Masika ya mwaka jana mume wangu, mzee wangu, alikohoa mwezi mzima. Nilimpa tangawizi, nikampa asali, nikamsugua kifua, bado. Tukashuka naye hospitali Same. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akampima akasema, "Babu, kifua chako hakitaki baridi, na hakitaki moshi. Kimoja kati ya hivyo kitakumaliza."

Mwanangu wa kwanza alikuwa amesimama pale. Yeye anakaa Same, anafanya kazi ofisini, ana nyumba nzuri. Akasema papo hapo, "Basi. Mnashuka kuja kukaa kwangu. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita nakuja na gari kuwachukua."

Mzee wangu alitazama kofia yake. Mimi nilisema, "Tutazungumza." Mwanangu akasema, "Mama, hayo ndiyo mazungumzo."

Sitasema uongo hapa. Sikutaka kushuka. Same kuna joto, kuna vumbi, na mtu akikaa kwenye nyumba ya mtoto wake anakuwa mgeni asiyeondoka. Mzee wangu naye shamba lake la tangawizi ndilo linalomfanya avae viatu asubuhi. Lakini kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Nilijiuliza kama nambakiza mlimani kwa ajili yake au kwa ajili ya ukaidi wangu. Akifa kwa moshi wa nyumba ile, atakuwa amekufa kwa sababu mimi sikutaka kukaa Same. Hilo sikumwambia mtu.

Siku hiyo hiyo, mzee akiwa anasubiri kupigwa picha ya kifua, nilitoka kununua maji. Karibu na stendi kuna fundi wa kuchomelea, nikamkuta anatengeneza sanduku la chuma nene, lina mlango mbele na tundu la mviringo juu.

Nikamuuliza, "Hilo ni kaburi la nani?"

"Shikamoo bibi. Si kaburi, ni jiko. La kuingiza ndani ya dohani ya zamani, ile ya kizungu. Nilishafunga moja kwenye nyumba ya wageni kule Usambara."

"Marahaba. Na moshi?"

Akaweka chini kifaa chake. Nadhani alikuwa hajapata mtu wa kumuuliza siku nyingi, maana alieleza mpaka maji yangu yakapata moto mkononi. Alisema sanduku linakaa mdomoni mwa dohani, na juu yake linaunganishwa bomba la chuma linalopita katikati ya dohani mpaka nje ya paa. Moshi haugusi mawe tena, unapita kwenye bomba tu. Halafu pengo lililobaki kati ya bomba na mawe linajazwa kitu kisichoungua, ili bomba libaki na joto. Bomba likiwa na joto, moshi unapanda bila kugeuka. Chini unaziba, juu unaziba, mvua isiingie.

"Dohani yenu ina koo pana mno, bibi," alisema, na alikuwa hajaiona. "Tunaiwekea koo jipya, jembamba."

Tukapatana bei. Nilirudi hospitali nikamwambia mwanangu, "Wewe njoo Jumapili uliyoitaja. Tutawasha moto mbele yako. Baba yako akikohoa kwa moshi hata mara moja, vitu nafunga mwenyewe na gari napanda wa kwanza."

Akacheka. "Mama, umesema mbele ya daktari."

"Na wewe umesikia mbele ya daktari."

Fundi alipanda kwetu Jumatatu ya wiki ile ya mwisho. Bodaboda mbili, moja ina sanduku, ya pili ina mabomba yamefungwa kwa kukingama. Yule wa mabomba alipita kwenye njia ya migombani kwangu akaupa kila mgomba salamu ya ncha ya bomba. Fundi mwenyewe alikuja na shati la mikono mifupi. Kufika saa kumi jioni meno yakaanza kugongana.

"Mama," akaniambia, "hapa watu mnaishi au mmehifadhiwa?"

Nikampa sweta la mzee wangu. Hakulivua wiki nzima.

Siku ya kwanza tuligombana. Kazi ya kuziba chini, pale bomba linapoingia dohanini, alitaka kuifanya kwa saruji. Mimi ni mfinyanzi. Shule niliishia darasa la nne, lakini vyungu nimefinyanga tangu kabla ya kuolewa, na chungu changu kinakaa jikoni miaka. Nikamwambia saruji na moto hawapatani.

"Saruji haina mjadala, mama. Magorofa yote Dar es Salaam yamejengwa kwa saruji."

"Na ndani ya magorofa hayo wanawasha kuni ukutani?"

Mzee wangu akiwa kwenye kiti chake akasema, "Msibishane. Ulizeni moto."

Tukauliza moto. Fundi akapaka saruji yake kwenye kipande cha bati, ikakauka usiku ule. Mimi nikapaka udongo wangu kwenye kipande kingine. Udongo wa kupikia si udongo mtupu. Unachukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, unavitwanga, unavichekecha, unavichanganya na udongo. Kigae kimeshaona moto, kwa hiyo kinaufundisha udongo kuvumilia. Asubuhi tukaweka vipande vyote viwili kwenye mafiga jikoni. Kabla ya saa nne saruji ilipasuka, kipande kikaruka kikampiga fundi kwenye sweta. Udongo wangu ulibadilika rangi tu, ukawa mwekundu.

Fundi akakiokota kile kipande akakitazama. "Basi mama. Kuanzia leo mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi huwa anatwanga," nikamwambia, nikampa mchi.

Jumanne hiyo tulilishusha bomba dohanini kutoka juu, fundi akiwa kwenye paa na kamba, mimi chini nalipokea. Tukaliunganisha na sanduku. Nikaziba chini kwa udongo wangu, tabaka juu ya tabaka, nikiulainisha kwa kibuyu kama ninavyofanya shingo ya mtungi.

Ikabaki kujaza pengo. Kule Usambara, fundi alisema, mwenye nyumba ya wageni alipata punje fulani nyepesi za mawe, zilikuja kwenye magunia kutoka mbali. Hapa hatuna. Nikafikiri. Kila jioni, maisha yangu yote, nimefukia makaa kwa majivu, na asubuhi nikiyafukua nayakuta hai. Majivu hayaruhusu joto kuondoka.

"Majivu makavu, sawa," fundi akakubali. "Lakini yakilowa, mama, yatakula chuma changu kama mchwa. Na yawe safi. Kisiingie kitu cha kuungua, wala mkaa, wala jani."

Akapima pengo kwa kamba, akahesabu kwa vidole, akasema madebe kumi na manane.

Kwetu kazi kubwa kama hiyo haifanywi na nyumba moja. Tuna msaragambo. Ndivyo tunavyochimba mifereji ya maji na kutengeneza barabara, kila nyumba inatoa mtu, na asiyekuja anatozwa faini. Nikapitisha neno kwa majirani, Jumatano asubuhi kila mwanamke aje na majivu ya jikoni kwake.

Walikuja wote. Mimi nilisimama pale mlangoni na chekecheke. Hakuna aliyepita bila kuchekecha. Mmoja alikuwa na misumari, mmoja alikuwa na mifupa ya kuku, nikamuuliza kuku huyo alimla lini na nani. Wifi yangu, dada mkubwa wa mzee wangu, nilimrudisha mara mbili kwa sababu ya vipande vya mkaa.

"Wifi," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "haya tunajazia dohani au tunapikia uji?"

"Chekecha."

"Ndugu yangu alioa mwanamke au alioa polisi?"

"Chekecha, wifi."

Akachekecha huku anaimba. Wanawake walijipanga kwenye ngazi mpaka paani, ndoo zikapanda mkono kwa mkono, fundi akamimina juu. Nusu saa hivi wote tulikuwa weupe kama tumepakwa unga. Madebe ya watu yakaisha pengo halijajaa, nikaingia stoo yangu nikatoa mitungi miwili ya majivu, tukamalizia. Fundi akafunika juu kwa bamba la chuma, akapaka udongo pembeni, akaweka na kofia ya bati juu ya bomba kuzuia mvua.

Alhamisi hatukugusa kitu. Udongo unakauka kwa utaratibu wake, ukiukimbiza unapasuka. Fundi alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ijumaa saa tisa alasiri nikasema, haya, tuwashe.

Wanawake walirudi kuangalia, wifi yangu akakaa kiti cha mbele. Mzee wangu tulimketisha karibu na mlango, kwa tahadhari. Fundi akawasha vijiti vikavu. Moto ukashika. Moshi ukainama kidogo, ukafikiri, halafu ukapanda, fyuu, tukausikia ukivuta. Tukakimbia nje. Moshi mwembamba unatoka juu ya bomba, unaenda zake. Ndani hakuna hata harufu. Wifi akapiga vigelegele. Fundi akanyoosha mikono kama anapokea mtoto.

Ndipo ukuta ukasema pa!

Tukarudi ndani mbio.

Pa! Pa-pa! Ndani ya dohani, juu kabisa.

"Bomba linapasuka!" fundi akapiga kelele, akaanza kuvuta kuni nje kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye ufa kati ya mawe mawili, karibu na dari, ukaanza kutoka moshi. Haukuwa wa kuni. Ulikuwa mzito, wenye harufu ninayoijua lakini sikuweza kuitaja kwa hofu. Mzee wangu akakohoa. Akakohoa tena, ameinama, ameshika goti. Nikamshika mkono nikamtoa nje, na nilipokuwa nampigapiga mgongo niliona gari la mwanangu limepanda na vitu vyetu vimefungwa, ingawa ilikuwa Ijumaa tu na njia ilikuwa tupu.

Moto ulipopoa, fundi akasema lazima tufungue chini tutazame. Nilivunja mwenyewe udongo wangu kwa nyundo. Majivu yakamiminika, ya moto, tukayatoa uwanjani beseni baada ya beseni. Na mwisho, ndani ya majivu yaliyotoka juu, vitu vyeusi vya mviringo, vingi.

Wifi yangu akaokota kimoja, akakipuliza, akakitia mdomoni.

"Maharage," akasema. Akatafuna. "Yamekosa chumvi tu."

Nilikasirika. Kwetu kila mwanamke anahifadhi mbegu ya maharage kwenye majivu ili isiliwe na wadudu, kwa hiyo nilijua kilichotokea. Kuna mtu alibeba majivu ya mbegu badala ya majivu ya jikoni. Na huyo mtu alinidanganya mlangoni. Nikasimama katikati ya uwanja nikauliza ni nani.

Watu husema sisi Wapare tunapenda kesi. Ni kweli, na sioni aibu, mtu akikosewa aseme. Basi ikawa kesi pale pale, na watu walikuwa wameshajichagulia mawe ya kukalia. Nikaanza kuita mmoja mmoja. Wewe, ulichekecha? Nilichekecha mbele yako, mama. Wewe? Ulinirudisha, mama, kwa msumari mmoja. Wewe, wifi?

"Mimi ulinirudisha mara mbili. Chekecheke lako limenitoa malengelenge." Alikuwa ameinama kwenye beseni, anapekua. "Lakini ngoja. Haya ya juu hayajaungua."

Akanyoosha kiganja. Maharage matatu, meupe, madogo, yana jicho jekundu.

Uwanja mzima ukanigeukia.

Mbegu ile nililetewa na mama yangu mzazi nilipoolewa. Milima hii yote hakuna mwenye mbegu ile ila mimi. Majirani wameniomba miaka na miaka, nikawaambia haioti kwenye udongo wao. Na ile mitungi miwili niliyoitoa stoo nilikuwa nimeipitisha bila kuichekecha, kwa sababu majivu yangu nayajua.

Wifi yangu alisema taratibu, anafurahia kila neno, "Kama ungetugawia mbegu, leo ungepata pa kujificha."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi alicheka ameshika sweta. Hata mzee wangu, pale kwenye kiti chake nje, mabega yalikuwa yanatikisika, nikaogopa ni kikohozi, kumbe ni kicheko.

Nikasema, "Ni mimi. Nimekosa."

"Sema tena, sikio hili halisikii vizuri."

"Wifi, ni mimi."

"Faini!" wakasema wote. Nikahukumiwa kupika makande ya uwanja mzima, na kila nyumba nikaipa kikombe cha mbegu. Hukumu nzito kuliko kosa, lakini nilikubali.

Kicheko kilipoisha, shida ilikuwa bado imekaa palepale. Ilikuwa Ijumaa jioni, na mwanangu alikuwa anakuja Jumapili. Madebe kumi na manane yalitakiwa kuchekechwa yote upya, kurudishwa, na udongo upakwe tena. Nikawaangalia wanawake. Wifi yangu akaangalia jua.

"Wifi, mimi nakupenda. Lakini jua linazama, na Sabato yangu inaingia. Mpaka kesho jua lizame, mimi simo." Akajifunga khanga akaondoka, na nusu ya wanawake wakaondoka naye, maana huku kwetu nusu tunasali Jumapili na nusu wanasali Jumamosi.

Fundi, ambaye ni Mwislamu, akatutazama. "Ijumaa ni yangu, Jumamosi ni yao, Jumapili ni yako mama. Sasa dohani hii itamalizwa siku ya nani?"

"Itamalizwa na asiyekuwa kanisani," nikamwambia.

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi fundi na sisi wa Jumapili tulichekecha tangu alfajiri. Mara hii chekecheke sikulishika, nililazimishwa kukaa mbali nalo, akalishika mama mmoja ambaye nilimrudisha Jumatano, na majivu ya mitungi yangu aliyachekecha mara nne huku ananiangalia. Tulipata beseni zima la maharage mazima. Adhuhuri nikaziba chini upya. Alasiri majivu yalikuwa yamerudi juu.

Udongo ulikuwa mbichi na siku ilikuwa moja tu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikichelewa, haujakauka. Nikiuharakisha, unapasuka, moshi unatoka, mzee anakohoa, na ahadi ni ahadi. Nikafanya kama ninavyofanya kwa vyungu wakati wa mvua. Nikaweka makaa machache kwenye kigae kipana, nikakiingiza ndani ya sanduku, mlango wazi, joto la kiganja tu. Yakipoa nabadilisha. Mzee wangu alikuja akakaa karibu nami na redio yake.

"Ukichoka, tutashuka," akasema. "Mimi sitakulaumu."

"Wewe unataka kushuka?"

Alifikiri. Yeye hufikiri kabla ya kusema, ni tabia ambayo imenichosha sana maishani. "Nataka kupumua," akasema. "Mahali popote. Lakini ningependa iwe hapa."

Nilibadilisha makaa.

Jumapili asubuhi, sisi tukiwa kanisani, wifi yangu na wa Jumamosi wenzake walikuja kumsaidia fundi kufunga bamba la juu. Niliporudi nikamkuta wifi ameketi juu ya paa, umri wake ule, anatoa amri.

Mwanangu alifika saa nane. Gari la kuazima, turubai nyuma, kamba tayari. Alimsalimia baba yake, akanisalimia mimi, akamsalimia shangazi yake aliyekuwa bado anashuka ngazi.

"Haya mama. Tuone."

Niliwasha mwenyewe. Nikamketisha mzee wangu mbele ya sanduku. Mlangoni safari hii sikumweka. Kama ni jibu, liwe jibu. Moto ulishika. Moshi ukapanda fyuu. Tulikuwa tunasikiliza ukuta.

Ukuta haukusema neno.

Niliongeza kuni. Mwanangu alitoa simu yake akawasha taa, akaanza kumulika dari, pembe, kila ufa kati ya mawe, kama askari anayetafuta gongo. Akapanda kwenye stuli akanusa. Akashuka akaweka kiganja kwenye mawe ya dohani juu ya sanduku.

"Hayana moto."

"Joto liko ndani ya bomba," fundi akasema. "Majivu yamelifungia. Ndiyo maana moshi haugeuki."

Nje ukungu ulikuwa umeshafika dirishani. Ndani tulianza kuvua. Kwanza fundi alivua sweta. Kisha mwanangu akavua koti. Mzee wangu akavua kofia yake, kitu ambacho mwezi wa sita huwa hakivui hata kulala, akakiegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

Tulikaa. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Makande ya faini yalikuwa yanaiva jikoni, watu wakaanza kuingia na sahani. Mwanangu hakula. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Mbona hakohoi?" akanong'ona.

"Unataka akohoe?"

"Hapana mama. Nauliza tu."

Akasogeza stuli karibu na baba yake. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa mtoto, "Chumba nilikuwa nimeshakipaka rangi. Kijani, anavyopenda. Nimemwekea dirisha kubwa upande wa mlima, awe anauona."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wiki nzima nilikuwa napambana na gari lake na kamba zake, sikuwahi kumwona amepanda juu ya stuli na brashi mkononi. Nilimpakulia sahani nikamwekea mwenyewe mkononi.

"Chumba hakitaoza," nikamwambia. "Tutakuja kukaa wiki moja, joto la Same likipungua."

"Wiki tatu."

"Siku nane."

"Mama, nimenunua na kitanda."

"Siku kumi, na wifi yangu aje, usiku nitakosa mtu wa kugombana naye."

Mzee wangu, macho yamefumbwa, akasema, "Kumi zinatosha. Mwacheni mtu alale."

Mwanangu alilala kwetu, akaondoka Jumatatu asubuhi pamoja na fundi. Nyuma ya gari, chini ya turubai, tuliweka mikungu miwili ya ndizi na gunia la viazi, kamba zake zikapata kazi. Mzee wangu akawasindikiza kwa miguu mpaka chini barabarani. Nilisimama uwanjani nikimwangalia akirudi, kwa sababu mwinuko ule ndio unaomfanya asimame kila hatua kumi akishika kifua. Alipanda. Alisimama mara moja tu, na mara hiyo alikuwa anaitikia shikamoo ya mtu.